Mwalimu wa Mitambo ya Mbao

Watoto wa mtaa wa Huruma walifundishwa kumwamkia kila mtu mzima isipokuwa Mwalimu. Hakuwa na ubaya na mtu. Tatizo ni kwamba angeitikia, na akiitikia, kina mama waliokuwa wakianika nguo kwenye veranda za ghorofa walishika vifua, maana sauti ile waliijua. Kwa miaka kumi na mmoja, kabla hajaja kutufundisha chuoni, ndiyo iliyosoma matangazo ya vifo redioni. Iliwataja marehemu, wajane, watoto, mpaka shemeji aliye ng'ambo, na kila jina ililitamka kama wenyewe wanavyolitamka kwao. Ilikuwa sauti nzito, ya taratibu, isiyojua kusema "habari ya asubuhi" bila kumfanya mtu ajiulize ni nani tena.

Siku moja alikwenda kununua makaa kwa mama mmoja wa Mathare. Alimsalimu tu. Yule mama akaketi juu ya gunia lake na kuanza kulia, kwa sababu miaka sita nyuma sauti hiyohiyo ilikuwa imesoma jina la mumewe. Mwalimu alivua kofia, akasimama pale mpaka kilio kikaisha, kisha akaondoka bila makaa. Alitusimulia kisa hicho darasani akiwa ameridhika kabisa. "Huo ndio utangazaji," alisema. "Mtu asikusahau." Tukaandika. Tuliandika kila alichosema, wajinga sisi.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati kila mtu alikuwa akisema redio mpya zinakuja, za muziki na za vijana, na watangazaji watatafutwa kama maji. Mimi nilikuwa nimeitaka kazi hiyo tangu utotoni. Nilikuwa nasoma kwa sauti maandishi ya pakiti za unga, majina ya dawa, mabango ya mazishi. Kwa hiyo kilipotokea chuo kikuu binafsi kilichoahidi kufundisha Utangazaji na Mawasiliano ya Dijitali, nilikimbia. Chuo chenyewe kilikuwa ghorofa mbili za jengo la ghorofa nne. Chini yetu kulikuwa na bucha na duka la misumari, na juu yetu kanisa lililopiga ngoma siku za mtihani. Kwenye brosha kulikuwa na picha ya bustani ambayo mpaka leo sijui ni ya wapi.

Dijitali yetu ilikuwa kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama kile cha kufunikia makochi, na haikufunuliwa ila wageni wakija. Mwanafunzi mmoja alipomuuliza Mwalimu dijitali ni nini hasa, alifikiri kidogo, akasema, "Ni kama zamani, ila ina haraka." Hilo nalo tuliliandika.

Lakini kuhusu sauti, sitamdhulumu. Sauti aliijua. Alitufanya tusukutue kwa maji ya chumvi kila asubuhi, tusome habari tukiwa tumeng'ata kizibo cha chupa, kisha tukitoe na kusoma tena. Alisema pumzi ni nauli, usiitumie yote kabla ya kufika. Alisema kimya hewani ni maiti sebuleni, hakuna mgeni atakayekaa. Aliyekosea jina la mtu alisimama dakika nzima akilirudia, kwa sababu, alisema, kuna nyumba mahali fulani ambamo jina hilo ndilo kila kitu. Nikiwa na hasira naye, na nina hasira naye karibu siku zote, bado nikipokea simu nahesabu pumzi kama alivyonifundisha.

Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, aliikataza kabisa. Ukiponyokwa na "manze" au "poa" darasani, ulisimama dirishani na kuwasomea watu wa barabarani kibao cha bucha mara kumi, nyama ya ng'ombe, nyama ya mbuzi, matumbo, maini, kwa lafudhi ya taarifa ya habari. Mwenye bucha alizoea, akawa anatuitikia. Mwalimu mwenyewe, akishuka kwa mama wa chai, alisahau yote. "Mathe, sasa! Nitolee chai moja safi na mandazi mbili, hizo kubwa, si hizi za jana." Mama wa chai alikuwa akitutupia jicho na kusema, "Huyu ndio huwakataza? Huyu?" Naye alikuwa akicheka, kicheko chembamba kisichofanana na sauti yake hata kidogo.

Jambo jingine: nyumbani kwake hakukuwa na redio. Tulikwenda huko Huruma kumpelekea pole alipougua, tukakuta kitanda, meza, magazeti ya miaka na miaka, pasi ya makaa, na tai tatu zikining'inia kwenye msumari. Mmoja wetu aliuliza redio iko wapi. "Siku nilipotoka kule redioni, nilimpa jirani," alijibu. Kwa nini alitoka hakusema, na sisi tulimheshimu mno kuuliza.

Sasa nije kwenye mitambo.

Brosha ilikuwa imeahidi studio. Mwaka wa kwanza tuliambiwa vifaa viko melini. Mwaka wa pili tukaambiwa viko bandarini. Mwalimu aliona tutamaliza masomo bila kugusa kitu, na hilo lilimuuma kweli, siwezi kulikana. Akaamua kwamba kama hatuna meza ya mitambo ya chuma, tutakuwa nayo ya mbao, tujifunzie mahali pa kila kitu, ili siku tukikaribishwa kwenye ile ya kweli mikono iwe inajua njia. Mtu wa kuichonga alikuwa karibu. Baba yangu alikuwa mchongaji soko la Gikomba. Maisha yake yote alichonga twiga, vifaru, na bakuli za saladi za watu ambao hakuwahi kuwaona.

Mwalimu alikuja mwenyewe na mchoro kwenye karatasi ya manila, kazi ya jioni nyingi. Kila kitu kilikuwemo: vitufe, mishale ya kupima sauti, na vile vijiti vinavyoteleza mferejini vya kufungulia na kufungia sauti, ambavyo watu wa redio huviita feda. Baba aliitandaza ile manila chini, katikati ya vifaru. Aliitazama muda mrefu sana.

"Mwalimu," akasema, "huyu mwenye kufanya kazi anakaa upande gani?"

"Huku." Mwalimu aliweka kidole chini ya karatasi.

"Na hii meza umesema imelala kwa mteremko, iko na upande wa juu na upande wa chini. Ule wa juu ndio uko kwake?"

"Ndio."

"Sasa mikono yake si itaning'inia? Mimi nikichonga kiti, kwanza nauliza matako itakaa wapi. Hii kitu ni kama imekaa kinyume."

Mwalimu aliondoa kidole kwenye karatasi, kisha akacheka. "Mzee, wewe chonga. Haya ni mambo ya studio."

Baba alifungua mdomo tena. Wachongaji wengine walikuwa wameacha kupiga patasi, wanasikiliza. Nami niliona aibu, na nataka niiseme kama ilivyokuwa: nilimwonea aibu baba yangu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, anayembishia msomi. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Baba, wacha maswali. Huyu ni mwalimu wa chuo kikuu."

Alinitazama. Akachukua penseli sikioni. "Sawa, Mwaitu," akasema. Mwaitu ni mama yetu kwa Kikamba. Aliniita hivyo kwa kuwa nina jina la mamake. Jioni moja wakati wa kazi hiyo aliniambia ninyooshe mikono, akanipima vifundo kwa kamba, na nilidhani ananichongea bangili.

Ile meza, ilipoletwa chuoni, ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya lile jengo. Mti wa jakaranda, umepigwa msasa mpaka unang'aa. Feda kumi na mbili zilizoteleza bila kukwama. Iliwekwa ukutani, ule upande wa chini umetazama ukuta, nasi tukakaa upande wa juu kama mchoro ulivyosema. Kwa mwaka mzima na nusu tuliimba kama watoto wa chekechea: "Vuta kwako, fungua. Sukuma mbali, funga. Kipaza sauti kulia, kaseti kushoto." Alitufunga macho kwa tai zake, tukaitafuta kila feda gizani. Mikono ilituuma. Tulipolalamika alisema, "Hakuna kazi ya heshima isiyouma." Nilikuwa wa kwanza darasani. Ningeweza kuiendesha ile meza usingizini.

Nikamaliza, nikaitwa kwa majaribio kwenye redio mpya mjini. Mwalimu aliniandikia barua ya kunisifu kwa mkono wake. Alinipigia nguo yangu pasi yeye mwenyewe, kwa pasi yake ya makaa, akisema mimi naacha mikunjo mgongoni. Asubuhi hiyo alinisindikiza mpaka getini, akasema atanisubiri hapo nje.

Kusoma nilisoma vizuri, walinisifu. Kisha wakaniketisha kwenye mitambo. Fundi wao alikuwa kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma. "Haya siz, fungua maiki, sema jina, halafu uingize hiyo kaseti." Mkono wangu ulikwenda kulia bila kuniuliza. Nikavuta feda kwangu. Nikasema jina langu. Mishale ililala palepale. Nikavuta ya pili. Kimya. Nilipoona wananitazama, nikafanya nilichofundishwa ukikwama, nikasukuma zote mbali nami ili nizifunge. Zikafunguka zote. Kaseti ikapiga kelele, vipaza sauti vikalia mluzi, mwanamke mmoja akaziba masikio. Yule fundi akapitisha mkono mbele yangu na kuzima.

"Manze, nani amekufunza?"

Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu: vuta kwako fungua, kipaza sauti kulia. Alikuwa kijana mwema, hakucheka mara moja. Alitazama meza, akatazama kile kioo mbele yetu, na chumba cha mtangazaji upande wa pili, kilichoinuliwa kidogo ili mtangazaji na fundi waonane.

"Aah," akasema. "Huyo odijo, huyo mwalimu wako, alikuwa anakaa pale. Hajawahi kaa hapa. Amekufunza venye alikuwa anaona kwa kioo." Ndipo akacheka, na wengine wakacheka. "Kila kitu nyuma mbele!"

Wakaniambia watanipigia simu.

Mwalimu alikuwa amesimama palepale getini, kofia mkononi. "Walikupa meza?"

"Walinipa."

"Na mikono? Ilitii?"

"Ilitii, Mwalimu," nikamwambia. "Ilitii sana." Nikampita.

Ile hadithi ilienea mjini haraka kuliko taarifa yoyote niliyowahi kusoma. Wenzangu waliofuata walikuta inawangojea mlangoni. Ukitaja chuo chetu, mtu alikuwa anauliza ukivuta breki gari linaenda mbele. Mmoja alipata kazi gazetini, mmoja anauza suti za mitumba Gikomba. Mimi nilipata kazi Industrial Area, kwenye kampuni ya malori, ya kupokea simu. Kila siku nasema jina la kampuni kwa sauti aliyonifundisha. Madereva huniambia ninafaa redioni.

Baba aliniuliza mara moja tu. "Wale watu, meza yao, upande wa juu ulikuwa wapi?"

Ningeweza kumjibu. Ilikuwa sentensi moja tu. "Sikuangalia, baba," nikasema. Aliitikia kwa kichwa na kuendelea kula. Kule Gikomba aliendelea kuwaambia wenzake kwamba mashine niliyosomea ni mkono wake. Miezi minane baadaye akafa kwa kifua, lile vumbi la miaka yote, na sikuwa nimemwambia kwamba yeye, asiyewahi kuingia studio, ndiye pekee aliyeona.

Chuo kilifungwa, kanisa likachukua ghorofa zote. Yule mwenzangu wa suti ndiye aliyeniambia kwamba Mwalimu bado anafundisha, chumba kimoja huko Huruma, kwamba msiba wetu aliusikia, na kwamba ile meza anayo. Nikaamua kwenda kuichukua. Ilikuwa kazi ya baba yangu, na twiga wake wote walikuwa wamekwenda ng'ambo.

Nilifika Jumamosi mchana. Alikuwa amezeeka, shingo imekonda ndani ya kola. Kwenye meza, iliyosukumwa ukutani kama zamani, alikaa msichana wa miaka kumi na tisa hivi, anajisugua vifundo vya mikono.

"Vuta kwako," alikuwa akimwambia.

"Fungua," akajibu msichana.

Sikujua kama nilie au nimpige. Mwalimu alinitambua kwa hatua tu, nadhani. Akamwambia msichana akanywe chai. Tukabaki wawili.

"Nisaidie tuivute kutoka hapo ukutani," nikamwambia. Hakuuliza kwa nini. Tukaivuta mpaka katikati ya chumba, nikazunguka, nikaingia upande ule uliotazama ukuta tangu siku ya kwanza. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaketi.

Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kipaza sauti kushoto, kaseti kulia. Ukisukuma mbele, unafungua. Meza ilikuwa sahihi siku zote, isipokuwa sisi tulikaa upande usiofaa. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wa chini, ambao hakuna mwanafunzi aliyewahi kuugusa. Ulikuwa umelainishwa kuliko sehemu nyingine yoyote, na ulikuwa na mabonde mawili, ya kina cha kijiko. Nikaweka vifundo vya mikono yangu ndani yake. Vikakaa. Vilikuwa vimepimwa kwa kamba.

Nilimwambia baba anyamaze, akanyamaza. Akachonga jibu, akaliweka mahali ambapo ningelipata siku nikizunguka meza, na sikuzunguka.

Mwalimu alikuwa amevuta kigoda na kukaa mbele yangu, upande ule mwingine. Alitazama feda, akanitazama mimi, na uso wake ukawa wa mtu aliyefika nyumbani.

"Nilikaa hapa miaka kumi na mmoja," akasema. "Upande huo sikuwahi kukanyaga. Mtangazaji hakugusa mitambo, mafundi walikuwa na chumba chao. Nilikuwa naiona tu mikono yao."

"Baba alikuuliza."

"Aliuliza."

"Ukajua?"

"Alipotaja kinyume, nikajua." Alikunja vidole vyake. "Lakini wachongaji wote walikuwa wameacha kazi, wananitazama. Na wewe ukasema mimi ni mwalimu wa chuo kikuu. Ningesemaje baada ya hapo, kwamba sijui?"

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa nimekuja na maneno ya miaka mitatu, na neno zito kuliko yote likatoka kwake, na lilikuwa langu. Meza sikuichukua. Yule msichana angerudi kutoka chai, na angekaa hapa nilipokaa mimi.

Kisha akafanya jambo moja ambalo sijamsamehe. Akaketi wima, akafunga kola, akavuta pumzi kutoka tumboni, na ile sauti ya zamani ikatoka, nzito, haijazeeka hata siku moja. "Twasikitika kutangaza kifo cha fundi hodari wa Gikomba, baba mpendwa wa..."

Mikono yangu ilikuwa kwenye yale mabonde ya baba. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe, na safari hii ulijua njia. Nikaivuta feda ya kipaza sauti mpaka chini.

Akakatika katikati ya neno. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameitii mikono ya upande huu, akautii na huu wangu. Alibaki mdomo wazi, macho kwenye vidole vyangu, anangoja nifungue tena aseme jina langu.

Sikufungua.